Tusikubali tena programu inayokufa mtandao ukikatika

KASONGO – Ndugu wasomaji wa Kasongo na Kabambare, na ninyi wana wa Maniema mlioko Kindu, Bukavu, Lubumbashi na ng'ambo, leo siandiki habari ya barabara wala ya barieri. Naandika habari ya simu. Na naandika na hasira kidogo, mnisamehe.

Siku zilizopita nilialikwa kwenye semina hapa mjini. Wageni walifika na magari mawili, bango kubwa na makatoni ya maji. Walileta programu mpya ya kuwasaidia reko, wale raia wanaojitolea kutunza afya kijijini. Unaandika swali juu ya mtoto mwenye homa, programu inajibu. Tuliona majibu ukutani, kwa Kifaransa na hata kwa Kiswahili. Tukapiga makofi. Kisha mtandao ukakatika. Kile kiduara cha kwenye kioo kikaanza kuzunguka. Mgeni akasema tungoje kidogo, itarudi. Tukangoja mpaka saa ya chakula.

Mama mmoja reko, aliyetoka mbali kwa pikipiki, akaniinamia akasema: "Baba, kwetu hiyo 'kidogo' ni siku tatu. Mtoto anayewaka moto ataingoja?"

Hakuuliza kwa sauti, na kwa hiyo hakuna aliyemjibu. Mimi nauliza kwa sauti hapa. Na jibu langu ni kwamba tusikubali tena. Programu yoyote inayoletwa Kasongo na Kabambare kwa ajili ya afya, shamba au shule, na ambayo haiwezi kufanya kazi ndani ya simu yenyewe bila mtandao, tuirudishe kwa aliyeileta. Si kwa ubishi. Ni kwa sababu njia nyingine ipo, ni ya bei ndogo, na vijana wetu wanaweza kuitengeneza.

Wakala ni nini, na anakaa wapi?

Siku hizi kila mgeni anatuletea neno "wakala". Tulieleze kwa lugha ya nyumbani. Wakala wa programu ni programu iliyopewa kazi: inauliza, inapima jibu, inachagua hatua inayofuata, inaandika na kukumbuka. Ni kama karani. Swali ni moja tu: huyo karani anakaa wapi?

Wanaotuletea miradi wanamweka kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyo mbali, mara nyingi Ulaya au Marekani. Kila neno unaloandika linasafiri mpaka huko na jibu linarudi. Ukikosa mega, karani hayuko. Antena ya muji ikikosa mazuti, karani hayuko. Na mradi ukiisha, seva inafungwa, na karani anakufa moja kwa moja. Tumeona miradi mingapi ya miezi 18?

Lakini karani anaweza kukaa ndani ya kivinjari, lile dirisha la Chrome au Firefox ambalo kila simu ya kugusa inalo tayari. Si lazima usakinishe kitu. Kivinjari kinajua kuendesha programu kamili ndani yake. Tangu Desemba 2019 WebAssembly ni kiwango rasmi cha mtandao wa dunia: inaruhusu programu nzito kuendeshwa ndani ya kivinjari kwa mwendo unaokaribia ule wa programu za kawaida. Kivinjari kinaweza pia kuhifadhi ukurasa pamoja na maandishi yako, ukafungua kesho bila hata mega moja.

Mwaka 2025 watu wa Mozilla.ai walionyesha mawakala waliofungwa ndani ya faili moja la HTML: unalifungua kwenye kivinjari, linafanya kazi. Niseme ukweli wote: hata pale akili kubwa ya kuzungumza ilibaki kwenye seva au kwenye kompyuta yenye nguvu. Simu ya mama yule reko haitabeba akili ya namna hiyo, na anayemwahidi hivyo anamdanganya. Lakini nani alisema tunahitaji akili inayoandika mashairi? Tunahitaji karani anayejua kazi moja na kuifanya vizuri.

Mistari minne

Chukua mfano wa malaria, ugonjwa unaojaza vituo vyetu vyote. Dawa ya artemether-lumefantrine inatolewa kwa kilo za mgonjwa. Kuanzia kilo 5 na chini ya 15: kidonge 1. Kuanzia 15 na chini ya 25: vidonge 2. Kuanzia 25 na chini ya 35: vidonge 3. Kuanzia 35 kwenda juu: vidonge 4. Mara mbili kwa siku, siku 3. Kisha zipo dalili za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, amelegea au hazinduki. Ukiona moja tu, mtoto aende kituo cha afya mara moja.

Hesabu mistari ya dawa: ni minne. Weka dalili za hatari. Weka kumbukumbu: mtoto huyu alianza dawa juzi, leo aonwe tena, vidonge vimebaki 12, omba vingine kabla ya juma kuisha. Huyo tayari ni wakala. Anauliza, anapima, anachagua, anakumbuka. Programu yake haifikii uzito wa picha moja unayotumiwa kwenye WhatsApp. Kwa nini basi swali la mistari minne livuke bahari na kurudi?

Waganga wetu wanajua ordinogramu, ile karatasi ya ndiyo na hapana iliyobandikwa ukutani kwenye kituo cha afya. Hiyo karatasi ni wakala asiye na kumbukumbu. Tunachoomba ni kuitoa ukutani na kuiweka kwenye simu, kwa Kiswahili tunachosema, na kuipa daftari.

Na Kasongo hatuanzi leo. Kuanzia mwaka 1971 Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp ilifanya kazi hapa kwenye mradi uliojulikana duniani kwa jina la muji wetu, Mradi wa Kasongo. Mwaka 1981 timu yake ilichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, na wataalamu wanaujadili hadi leo. Wazo kubwa la mradi lilikuwa lipi? Kwamba kituo kidogo kilicho karibu na watu, kinachojua kazi zake chache, kikiungana na hospitali moja ya kukitegemeza, kinafanya kazi kuliko hospitali kubwa peke yake iliyo mbali. Wazo hilo lilifundishwa nchi nyingine kutoka hapa. Leo mtu anakuja kutufundisha kinyume chake, na sisi tunapiga makofi!

Mambo haya yapo tayari

Wako watakaosema naota. Haya, tuangalie.

Wakulima wa Tanzania na Kenya wana programu inayoitwa Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya IITA. Unaelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, inakuambia kama lina ugonjwa wa batobato au michirizi ya kahawia. Inafanya hivyo ndani ya simu, shambani, bila mtandao, na inasema Kiswahili. Nuru inasakinishwa kwenye Android, haikai ndani ya kivinjari. Lakini imethibitisha neno moja: simu ya kawaida inaweza kubeba akili ya kuona jani. Na tangu mwaka 2018 Google imetoa TensorFlow.js, chombo cha kuendesha akili za namna hiyo ndani ya kivinjari. Hapa kwetu, ambako bila muhogo hakuna bugali wala sombe, nani ametuletea?

Mfano wa pili mmeuona kwa macho yenu. Wale wenye gilet wanaokuja na simu kutuuliza tunakula mara ngapi kwa siku, wengi wanatumia Kobo. Chombo hicho kilianzishwa na watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Uganda na huku mashariki mwa Kongo, na jina lake ni neno la Kiacholi lenye maana ya kuhamisha. Fomu zake za kwenye kivinjari zikishafunguliwa mara moja zinaendelea kufanya kazi bila mtandao. Majibu yanajipanga ndani ya simu, na mtandao ukirudi yanakwenda. Walitengeneza hivyo kwa sababu walijua vijijini kwetu hakuna mtandao.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wakija kuchukua maneno yetu, chombo hakihitaji mtandao. Wakija kutupa majibu, mtandao unahitajika. Ujuzi ni uleule na simu ni ileile. Kilichokosekana ni mtu wa kudai.

Mfano wa tatu ni wa heshima, ingawa nina neno nao. Wakati wa COVID-19 shirika la Translators without Borders lilitoa karani wa kuzungumza aliyeitwa Uji, aliyejibu maswali kwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili cha Kongo. Kiswahili cha Kongo! Si cha Dar es Salaam. Hiyo ni kazi njema, na maandishi ya Kiswahili chetu yaliyokusanywa miaka ile ni mali ya kuanzia. Lakini Uji alipita kwenye WhatsApp na ndugu zake, na kwa hiyo hakuweza kuvuka pale antena inapoishia.

Wanaopinga

Wanasema kwanza: ngojeni, mtandao unakuja. Mwezi wa Mei 2025 Starlink ilipewa ruhusa ya kufanya kazi Kongo. Vizuri, ije. Lakini sahani inahitaji feza na umeme, na kijiji kinacholipa ili kuchaji simu kwenye panneau ya jirani hakitanunua sahani. Halafu, mtandao si tatizo la antena peke yake. Mmesahau tarehe 31 Desemba 2018? Siku moja baada ya uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa karibu siku 20. Waliozima hawakuwauliza watoto wetu kama wana homa. Mmesahau RAM? Tangu 2020 hadi ilipofutwa 2022 tulikatwa inite kwa jina la kusajili simu, dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G. Anayeweka karani wako nyuma ya mtandao amempa mtu mwingine ufunguo wa kumfungia.

Wanasema pili: simu zenu ni dhaifu. Ni kweli, nyingi ni dhaifu. Simu ya vitufe haitaingia kabisa katika mambo haya, na lazima tuseme hivyo bila kuficha. Huyo abaki na karatasi yake ya ukutani. Wenye simu ndogo za Android wanaweza, mradi mtengenezaji awe na adabu: programu ya sheria chache kwanza, picha baadaye, sauti mwisho kabisa. Nasema sauti mwisho kwa sababu. Akili ya kusikia inayoitwa Whisper, hata ile ndogo kuliko zote, ina uzito wa mega 75 hivi, na Kiswahili inakikosea sana. Sasa Kiswahili cha kwetu, chenye Kifaransa katikati, itakisikiaje? Pia wanaotumia Opera Mini wajue kwamba pale inapobana mega kabisa, kurasa zake zinapikwa kwenye seva za kampuni kabla ya kufika. Kwa kazi hii watumie Chrome au Firefox.

Wanasema tatu, na hili ndilo pingamizi lenye uzito: faili likishazunguka toka simu hadi simu kwa Bluetooth na Xender, nani atalirudisha likiwa na kosa? Kipimo cha dawa kikibadilika Kinshasa, nakala ya zamani itabaki Kabambare ikiua watu. Sikatai. Lakini tazameni jinsi tunavyoishi tayari. Waganga wakuu wa vituo wanafika kila mwezi kwenye ofisi ya zoni ya afya na ripoti zao. Ripoti inakuja kwa pikipiki, toleo jipya la programu lirudi kwa pikipiki ileile, kwenye kadi ya simu. Mwanzo wa kila faili kuandikwe tarehe, jina la zoni, na siku ya mwisho ya kulitumia. Siku hiyo ikipita, faili likatae kutoa kipimo mpaka libadilishwe. Na hakuna faili litoke bila daktari mkuu wa zoni kulisoma mstari kwa mstari. Mistari minne anaweza kuisoma. Akili kubwa ya kwenye seva hakuna daktari anayeweza kuisoma, na ikikosea hakuna atakayejua ilikosea wapi.

Wanasema nne: ugonjwa wa watu ukikaa kwenye simu, simu ikiibwa itakuwaje? Ni kweli, hasa kwa wanaopita njia za Salamabila, ambako simu inaweza kuchukuliwa mchana. Basi majina yasiandikwe kamili, na karani afungwe kwa namba ya siri. Lakini simu moja ikiibwa, siri ya kijiji kimoja imetoka. Seva ikiibwa, siri ya jimbo zima imetoka, na sisi hatutapewa hata habari. Kongo ina sheria yake, Code du numérique ya Machi 2023, yenye sura za kulinda habari za mtu. Njia rahisi ya kuiheshimu ni kutozitoa habari hizo mahali zilipo.

Nani asiyejua historia yetu? Pembe za ndovu zilitoka Kasongo vichwani mwa watumwa. Pamba ilitoka mashambani kwetu kwa lazima wakati wa Wabelgiji. Dhahabu ya Namoya ilitoka Kabambare kwa mashine, na raia wa Salamabila wanajua kilichobaki. Sasa kinachotafutwa ni maneno yetu na magonjwa yetu. Safari hii mlango uko mikononi mwetu.

Vijana wetu wanaweza

Kutengeneza karani wa namna hii hakuhitaji jengo. Kunahitaji kompyuta moja ya zamani, kivinjari, na mtu anayejua HTML na JavaScript. Prefe mmoja aniambie kama hana hata mwanafunzi mmoja wa sekondari anayetengeneza simu za watu sokoni, anayefungua na kufunga programu usiku kucha. Huyo akikaa miezi michache na mganga mmoja mvumilivu na mwalimu mmoja wa Kiswahili, faili litatoka.

Na atatumia lugha yetu. Ataandika sombe, si kisamvu. Ataandika lengalenga, si mchicha. Ataandika feza. Mwanamke wa Kabambare akisoma swali ataelewa anaulizwa nini, hatatafsiri mara mbili ndani ya kichwa huku mtoto analia mgongoni. Karani wa mbali akikosea neno, utaandika barua kwa nani? Kijana wa hapa akikosea, utamkuta sokoni kesho asubuhi.

Tunachoomba

Kwa wasimamizi wa teritwari zote mbili na kwa wakuu wa zoni za afya za Kasongo, Kunda, Kabambare, Lusangi na Saramabila: shirika lolote likileta programu, kabla ya kutia sahihi, zimeni mtandao mbele yao na kuwaambia waendelee. Jaribio hilo halina gharama. Linachukua dakika 5.

Kwa mashirika: andikeni ndani ya mkataba kwamba mradi ukiisha, faili na maandishi yake yote yanabaki kwetu, wazi, vijana wayafungue na kuyarekebisha. Na sehemu ndogo ya feza za magari na mabango, mpeni kijana mmoja wa hapa kompyuta na mshahara wa mwaka.

Kwa wabunge wetu wa Kasongo na Kabambare, huko Kinshasa na Kindu: mpango wa taifa wa numériki wa mwaka 2019 uliitwa Horizon 2025. Mwaka 2025 umepita. Waheshimiwa, njooni muone raia wanaopanda juu ya kichuguu kutafuta mstari mmoja wa mtandao, kisha mtuambie hiyo horizon iko upande gani.

Na kwa wale reko wenyewe, mama yule na wenzake: kwenye semina ijayo msiulize kwa sauti ya chini. Simameni. Semeni tunataka ile inayofanya kazi kwetu. Mkiona wageni wanakasirika, mjue mmeuliza swali zuri.

Mwenye kupinga niliyoandika aniandikie, nitachapisha jibu lake. Na kijana aliyekwisha kuanza faili la namna hii, hata kama ni bovu, alilete. Nitalifungua kwenye simu yangu, hapa Kasongo, mtandao ukiwa umezimwa.

Mwandishi wenu wa Kasongo na Kabambare